Utayari wa Mzee Si Idhini Yetu

Katika kasha la shangazi yangu, chini ya kitanda chake cha samadari katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mlikuwa na sanda. Aliinunua Makka alipokwenda kuhiji, akaitosa katika maji ya Zamzam, akaianika, akazikunja nguo zake tano pamoja na kafuri na kichupa cha marashi. Na kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, aliitoa akaikung'uta, akaitazama kwa utulivu kama mtu atazamavyo nguo ya safari, kisha akairudisha mahali pake. Basi tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikikaribia nusu yake, serikali ya Kenya ilipotangaza kuufunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh ya Nairobi, asiingie mtu wala asitoke, nami nikabaki upande wa nje wa vizuizi, nilimpigia simu ili nimliwaze, naye, mwenye umri wa miaka 79 na maradhi ya sukari na presha, akanijibu: "Mwanangu, kufa mimi sikuogopi. Naogopa kuoshwa na watu nisiowajua."

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku ile, kwa sababu naona ndani yake mna mas'ala yote yaliyowashinda watawala, matabibu, masheikh na jamaa za watu katika miaka ile ya maradhi. Mzee anaposema yu tayari kufa, sisi tulio nyuma yake kwa umri tunapata ruhusa gani, na tunatwikwa wajibu gani? Na ikiwa hofu yake si mauti yenyewe bali namna ya mauti, je, hadhari zetu zilimkinga na kile alichokiogopa, ama zilimkinga na kile tulichokiogopa sisi?

Tuanze na hesabu. Maradhi ya Korona, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatangaza kuwa janga la ulimwengu tarehe 11 Machi 2020, hayakuwadhuru watu kwa usawa, bali yalipanda ngazi ya umri kipandio kwa kipandio, na kila kipandio kilikuwa na vifo vingi kuliko kile cha chini yake. Uchunguzi uliokusanywa mwaka huo huo, zaidi kutoka nchi tajiri, ulikadiria kwamba katika kila watu 10,000 wenye umri wa miaka 25 walioambukizwa alikufa mmoja. Katika idadi hiyo hiyo ya wenye miaka 55 walikufa 40. Wa miaka 65, 140. Wa miaka 75, 460. Na wa miaka 85, 1,500. Sababu zake hazikufichika sana. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ndiyo chuo cha chembe za kinga, huanza kusinyaa tangu ujanani, hata mtu akifika uzeeni mwili wake huwa unawakumbuka vyema maadui wa zamani lakini ni mzito wa kumtambua adui mgeni. Na mwenye kisukari, presha au figo dhaifu, maradhi ambayo katika miji yetu ya pwani ni haba nyumba isiyokuwa nayo, huongezewa mzigo juu ya mzigo.

Si kila maradhi ya mlipuko yanayofuata taratibu hiyo. Kipindupindu kilichoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, ambacho tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi kisiwani, alikiandikia kitabu kizima kilichochapwa mwaka 1876, kilichukua mtoto na mtu mzima, na mtumwa aliyenyimwa maji safi kabla ya bwana wake. Homa ya mwaka 1918, iliyoshuka Mombasa kutoka melini na kupanda bara kwa njia ya reli, ilikuwa na ajabu yake: iliwapenda vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, hata wazee wakawazika wana wao, na jambo hilo likaonekana kuwa kinyume cha maumbile na kuwaliza watu kilio cha namna ya peke yake. Korona ilirudisha mambo katika njia yake ya kawaida. Iliwaanza walio mbele katika foleni. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipotughuri. Kwa kuwa ilifuata mpango ambao kila mtu anautarajia, yaani mkubwa atangulie na mdogo afuate, wengi wetu hatukuona dhuluma yoyote ndani yake. Yalipotajwa majina ya waliofariki, swali la kwanza midomoni mwa watu lilikuwa, "Alikuwa na umri gani?", na jibu likiwa miaka 70 au 80, muulizaji alishusha pumzi, kana kwamba ameambiwa kuwa kifo hicho hakikuwa kifo kamili.

Fikira hiyo haikuwa ya nchi moja. Huko Italia, mwezi Machi 2020, chama cha madaktari wa ganzi na wagonjwa mahututi kiliandika, kwa uchungu unaosomeka katika kila mstari wa waraka wao, kwamba huenda ikalazimu kuweka mpaka wa umri kwa wanaoingizwa katika vyumba vya uangalizi maalumu, kwa kuwa vitanda havikutosha. Nami siwezi kuwalaumu watu waliosimama mahali pale siku zile. Lakini Marekani, mwezi huo huo, naibu gavana wa jimbo la Texas, Dan Patrick, mtu mwenye wajukuu, alijitokeza katika televisheni akadokeza kwamba mababu wengi kama yeye wako tayari kujitia hatarini ili uchumi wa nchi ubaki salama kwa ajili ya wajukuu wao. Huko Swidini, tume iliyoundwa kuichunguza serikali ilikiri mwezi Desemba mwaka ule kwamba nchi ilishindwa kuwalinda wazee wake, na wengi wao walikuwa katika nyumba za kutunzia wazee, ambamo maradhi yaliletwa na wahudumu waliokuja na kwenda. Naibu gavana yule alikuwa na haki ya kujitolea nafsi yake, wala sina shaka na ukweli wa moyo wake. Haki asiyokuwa nayo ni ya kuwatolea ahadi wenziwe ambao hakuwauliza.

Kwetu sisi Afrika ya Mashariki watu walijiliwaza kwa kusema kwamba taifa letu ni la vijana, nayo ni kweli: waliovuka miaka 65 hawafiki wanne katika kila watu 100, ilhali Italia hupindukia 20. Lakini liwazo hilo lilisahau nyumba zetu zilivyo. Mzee wa Ulaya aliambukizwa na mhudumu wa mshahara; mzee wa kwetu aliambukizwa na mjukuu. Nyumba ya shangazi yangu ni ya ghorofa mbili, na chini ya paa moja walilala watu 11 wa vizazi vinne, wakipanda ngazi moja nyembamba na kutumia choo kimoja. Kijana wa miaka 22 aliyeshinda Markiti akishusha magunia ya viazi alirudi jioni akala sahani moja na bibi yake, kwa kuwa kula peke yako mbele ya mkubwa wako ni utovu wa adabu. Kadhalika kumwamkia mkubwa si neno la mdomo tu; Mombasa na Lamu mtoto huushika mkono wa mzee akaubusu, na hata shikamoo yenyewe asili yake ni kushika miguu. Adabu yetu yote imejengwa juu ya kukaribiana. Maradhi haya yalikuja yakaichukua ile ile heshima tuliyowapa wazee wetu, yakaifanya njia ya kuwafikia.

Hapa ndipo ilipoingia hoja ya kadari, ambayo niliisikia barazani, katika daladala za Dar es Salaam, na hata katika vinywa vya watu waliosoma: kila nafsi ina ajali yake, siku ikifika haisogei mbele wala nyuma, barakoa itazuia nini? Sipendi hoja hii ibezwe kama ujinga wa washamba, maana ndani yake mna itikadi ya kweli ambayo imewasimamisha watu wa pwani katika misiba ya karne nyingi, na mwenye kuivunja ovyo atamwachia mzee upweke usio na egemeo. Lakini wanaoisema aghalabu hawaifikishi mwisho wake. Khalifa Umar bin Khattab, akielekea Sham, alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa kwamba tauni imeingia nchi ile. Aliwaita Muhajirina, yaani Waislamu waliohama kutoka Makka, akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao wakahitilafiana vivyo hivyo. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao hawakuhitilafiana hata wawili: walimshauri arudi na watu wake. Abu Ubaida, amiri wake wa jeshi la Sham, akamlaumu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu, naye Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha amelisha kwa kadari. Mwaka wa 18 wa Hijra tauni hiyo ya Amwas ilimchukua Abu Ubaida mwenyewe.

Kisa hiki kilisimuliwa sana katika miaka ya Korona, lakini sikumsikia msimulizi akisimama penye jambo ambalo mimi naliona kubwa, nalo ni kwamba walioulizwa mwisho na kusikilizwa walikuwa wazee. Katika nchi zetu walitangaziwa.

Kutegemea Mungu ni sifa ya moyo wa mtu kwa jambo linalompata yeye. Kijana anayesema, "Mimi natawakali," kisha akaingia bila hadhari katika chumba cha bibi yake, hakuweka rehani roho yake. Ameweka rehani roho ya mwengine, na hatari iliyo yake kwa hesabu tuliyoitaja ni mmoja katika 10,000, ilhali ya bibi ni mamia. Haiwezekani mtu kuwa jasiri kwa mali isiyokuwa yake. Nayasema haya bila kujitoa, kwa kuwa mwezi Machi, kabla ya kufungwa miji, nilisafiri kutoka Nairobi kwa gari la moshi nikiwa na kikohozi chepesi nilichokidharau, nikaenda moja kwa moja Kibokoni, nikamshika mkono shangazi nikaubusu. Halikutokea baya. Lakini kila ninapoikumbuka jioni ile huona kwamba usalama wake haukutokana na lolote nililolifanya mimi.

Kwa upande wa pili, waliojitia kuwalinda wazee walikosea kwa njia yao. Tarehe 6 Julai 2020 serikali ya Kenya iliruhusu nyumba za ibada zifunguliwe, watu wasizidi 100 wala saa moja isipite, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Sharti hilo lilikuja kulegezwa baadaye, na kwa macho ya tabibu lilikuwa na maana. Lakini msikiti wowote wa Mji wa Kale ukiwaondoa waliozidi miaka 58 umeiondoa safu ya kwanza. Jirani yetu mmoja, mwadhini wa zamani mwenye miaka 71, alikuwa akitandika msala barazani kwake, ng'ambo ya kichochoro, akamfuata imamu kwa sauti inayotoka dirishani, na vijana waliokuwa wakipita kuingia msikitini walikwepesha macho wakiona haya. Nilimwuliza kama analiona katazo lile kuwa la haki. Alifikiri kitambo, akasema kwamba lau wangemwita wakamwuliza, yeye mwenyewe angelisema wazee wakae nje; lililomchoma ni kwamba walikuja kumpimia umri mlangoni kama anayepimiwa pishi ya mchele. Nadhani hakuna aliyeeleza jambo hili vyema zaidi. Mtu aliyeishi miaka 71 ameona ndui, ukame na vita, amezika wazazi na watoto, na ilimu yake ya hatari ni ya mkono wake mwenyewe. Kumlinda kama mtoto asiyepambanua ni kumnyang'anya mapema kitu ambacho mauti hayajakichukua bado.

Na hapo narudi kwenye neno la shangazi kuhusu kuoshwa. Mwezi Aprili 2020 ilienea picha ya maziko ya usiku katika kaunti ya Siaya, maiti ikiteremshwa shimoni bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga toka utosini hata nyayoni, na nadhani hakuna picha iliyowatisha wazee wa nchi nzima kama ile. Wasio wa dini yetu waliogopa kuzikwa bila mkesha na bila jamaa kujumuika. Wetu waliogopa kukosa josho, kukosa sanda na kusaliwa na watu watatu wenye haraka. Hofu ya waliokuwa wakizika nayo ilizidi ilimu iliyokuwapo, maana Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kueleza, katika mwongozo wa Machi 2020, kwamba maiti ya mgonjwa huyu kwa kawaida haiambukizi, na kwamba jamaa wangeweza kuiona maadamu hawaigusi. Masheikh nao walikumbusha kwamba sharia ina wasaa: atakayewezekana kuoshwa kwa glovu na aoshwe, na asiyewezekana atayamamiwe. Pale maafisa wa afya walipokaa na masheikh na waoshaji, wakawapa mavazi na kuwafunza, jambo hili lilitengenea upesi. Pale walipokuja na amri peke yake, watu walianza kuwaficha wagonjwa wao ndani, wakihofia kwamba hospitali ni mlango wa kwenda kuzikwa usiku; na hivyo hofu ya maziko mabaya ikawaua watu ambao huenda oksijeni ingewaokoa.

Tanzania ilipita njia nyingine. Hesabu ya wagonjwa ilitolewa kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha daftari likafungwa kwa zaidi ya mwaka. Misikiti na makanisa hayakufungwa, wazee hawakufukuzwa safu ya kwanza, maiti wengi walioshwa na kuzikwa na jamaa zao, na wengi waliokuwa Mombasa waliwaonea wivu ndugu zao wa Tanga na Unguja kwa jambo hilo. Lakini maradhi yalinyimwa jina. Watu walijifukiza nyungu majumbani, na mwanzoni mwa mwaka 2021, matangazo ya misiba yalipokuwa yakifuatana, sababu iliyotajwa ilikuwa "changamoto ya upumuaji". Wakati huo chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa Korona, naye akafariki tarehe 17 Februari akiwa na miaka 77. Kwa mtazamo wangu tamko lile lilikuwa ni huduma ya mwisho ya mzee yule kwa watu wake. Mtu hawezi kujiandaa, wala kuandika wasia, wala kuwaomba radhi aliowakosea, akiwa anafichwa kimjiacho. Na heshima tunayodhani tumempa mzee kwa kumwambia kwamba ana mafua tu ni heshima inayomwibia siku zake za mwisho.

Chanjo zilipoanza kutolewa, Machi 2021 nchini Kenya na Julai 28 mwaka huo huo nchini Tanzania, ambako Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, wazee ndio waliowekwa mbele pamoja na watumishi wa afya na wenye maradhi ya kudumu. Nilitazamia kwamba wao ndio watakaosita. Niliyoyaona yalikuwa kinyume: waliokuwa wakisita ni wajukuu, waliokuwa wakiwaletea mabibi zao maneno ya kutisha ya kwenye simu, na mabibi wengi walikuwa wakifunua bega la mkono na kuonyesha kovu la mviringo la chanjo ya ndui. Wazee wale waliiona ndui kwa macho yao. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida aliugua mwaka 1977 huko Merka, mji wa pwani ya Somalia. Ilimu hii ya kovu ilikuwa ndani ya majumba yetu siku zote, nayo haikuitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kukata shauri kwamba wazee ni watu wa kulindwa na si watu wa kuulizwa.

Shangazi yangu hakungoja kuulizwa. Siku zile za maradhi alimwita kijana yule wa Markiti akamwambia achague: aendelee na kazi yake alale ukumbini chini na kula huko, au aache kazi akae naye juu, kijana akachagua ukumbini, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu nyumba ile ilikula kwa mkono wake. Mabusu ya mkono aliyakataza mpaka atakapotangaza mwenyewe. Kisha alimwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la saba, akamwamuru alete daftari, akamtajia majina ya wanawake watatu, wa Kibokoni mmoja na wa Kuze wawili, kwamba hao ndio watakaomwosha, kwa glovu ikilazimu, na kwamba mtu asije akawatisha. Ukurasa ule ulichanwa ukatiwa kashani juu ya sanda.

Alifariki mwaka 2022, alfajiri, kwa figo. Ukurasa ulipotolewa tukakuta kwamba wawili katika wale watatu wamekwisha kumtangulia, na mmoja wao alikwenda mwaka ule ule wa 2020, kwa maradhi ambayo jamaa zake hawakupenda kuyataja. Yule wa tatu, bibi wa Kuze mwenye miaka 76, alishikwa mkono na wajukuu wake wawili akapanda ngazi ile nyembamba polepole, akapumzika katikati. Alipofika juu aliomba maji ya uvuguvugu na mkunazi, akaichukua sanda mikononi mwangu, akatutoa sote nje.